Tarakimu Tatu Kabla ya Kutua

Abiria wengi humpima rubani kwa namna magurudumu yanavyogusa ardhi. Ndege ikitua bila mtikisiko, watu hupiga makofi na kusema huyu anaijua kazi yake. Kwenye njia iliyofunikwa theluji kipimo hicho kinapotosha. Rubani aliyefundwa vizuri hautafuti ulaini hapo. Anataka magurudumu yagonge chini kwa uhakika, mahali palepale alipokusudia, ili matairi yapasue utando wa theluji na kukutana na lami. Kila sekunde anayoiacha ndege ikielea juu ya njia ili iguse taratibu, inapita mita 60 hadi 70 za lami ambazo atazihitaji sana mwishoni.

Nimesoma ripoti nyingi za uchunguzi wa ndege zilizoteleza kwenye theluji, na kuna jambo linalojirudia hadi linaumiza. Ajali huanza kabla ndege haijateleza. Huanza dakika kadhaa nyuma, pale mtu aliye ardhini, au rubani aliyetangulia kutua, anapoieleza hali ya njia kwa neno lisilopimika, kisha aliye angani akalichukua neno hilo na kulijengea hesabu. Theluji inajulikana vizuri, na mbinu za kutua juu yake zinajulikana vizuri. Kilichochelewa ni namna moja ya kuieleza, ambayo mtu wa ardhini na mtu wa angani wangeielewa sawasawa.

Tuanze na ndege yenyewe. Boeing 737 hugusa ardhi ikiwa na uzito wa tani zaidi ya 50 na kasi ya kilomita 230 hadi 250 kwa saa. Kasi ikizidi kwa asilimia 10 tu, nguvu ya mwendo inayopaswa kumalizwa inapanda kwa asilimia 21, na ndiyo maana marubani hulinda kasi yao kwa makini hivyo. Kuna njia tatu za kuisimamisha. Vibao vilivyo juu ya mabawa huinuka mara tu magurudumu yanapogusa, mabawa yakaacha kuibeba ndege, uzito wote ukashuka kwenye matairi. Halafu kuna breki. Halafu kuna riversi, yaani mitambo inayoigeuza hewa ya injini ielekee mbele.

Kwenye lami kavu breki ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Riversi huchukuliwa kuwa nyongeza, na umbali rasmi wa kutua ambao mtengenezaji huupima kwenye lami kavu hauihesabu kabisa. Kwenye barafu mambo yanageuka. Breki hutegemea msuguano kati ya tairi na ardhi, na msuguano ukitoweka, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge huzilegeza breki tena na tena, hata rubani akanyage kwa nguvu zake zote. Riversi haihitaji kushika ardhi. Kwa hiyo kile kilichokuwa nyongeza kinakuwa mhimili, na kuchelewa kukitumia kunagharimu mita nyingi sana.

Theluji nayo haiko ya aina moja. Msomaji aliyekulia Tanga au Kisumu anaweza kudhani kwamba baridi ikizidi hatari inazidi. Mara nyingi ni kinyume chake. Theluji iliyoshindiliwa vizuri kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri au baridi zaidi ni ngumu, kavu, na matairi huishika kiasi. Hatari kubwa iko karibu na nyuzi sifuri, pale barafu inapoanza kutoa maji. Barafu yenye maji juu yake ni mahali ambapo ndege haina la kufanya. Wachunguzi wa ajali wa Norway walipochapisha mwaka 2011 ripoti yao kubwa kuhusu safari za majira ya baridi, walionyesha kwamba tofauti kati ya joto la hewa na kiwango cha umande ikiwa nyuzi 3 au pungufu, unyevu upo na njia huenda ikateleza kuliko vipimo vinavyosema. Vyombo vya kupima msuguano, ambavyo watu walivitegemea kwa miaka mingi, vilikuwa vikiwadanganya hasa katika hali hiyo ya unyevu. Kwangu hilo ndilo jambo zito zaidi katika ripoti ile, kwa sababu rubani aliletewa tarakimu yenye nukta na desimali, akaiamini kwa sababu ya nukta na desimali zake.

Kisha kuna rojo la theluji, theluji iliyokwisha kuyeyuka nusu. Wapenzi wa kandanda wanalijua tukio lake bila kujua kwamba ni tukio la rojo. Tarehe 6 Februari 1958, ndege iliyokuwa imewabeba wachezaji wa Manchester United kutoka Belgrade ilisimama Munich kujaza mafuta. Ilijaribu kuruka mara mbili ikaghairi. Mara ya tatu ilifikia kasi ya noti 117, yaani maili 117 za baharini kwa saa, kisha, badala ya kuongezeka, kasi ikashuka hadi noti 105. Ndege ikapita mwisho wa njia na kugonga nyumba. Kati ya watu 44 waliokuwamo, 23 walifariki, wachezaji 8 wakiwa miongoni mwao. Wachunguzi wa Ujerumani walisema kulikuwa na barafu kwenye mabawa, na lawama zikamwangukia nahodha James Thain. Alifukuzwa kazi. Alipigania jina lake kwa karibu miaka kumi, huku majaribio yakizidi kuthibitisha kwamba rojo la sentimita chache tu huyakamata magurudumu ya ndege kama maji ya ufukweni yanavyomkamata miguu mtu anayejaribu kukimbia ndani yake. Mwaka 1969 uchunguzi wa Uingereza ulimsafisha. Alifariki mwaka 1975. Munich ilikuwa ajali ya kuruka, wala haikuwa ya kutua, lakini nimeileta hapa kwa sababu inaonyesha kinachotokea hali ya njia isipopimwa. Kwa kukosa kipimo, kosa hutafutiwa mtu.

Ajali iliyobadilisha sheria za kutua ilitokea Chicago, tarehe 8 Desemba 2005.

Uwanja wa Midway umezungukwa na mji kila upande. Nyumba, maduka na barabara viko ng'ambo tu ya ua. Ulianza enzi ambazo ndege zilikuwa ndogo, na njia zake ni fupi kwa ndege za leo. Jioni hiyo theluji ilikuwa nzito. Ndege ya Southwest Airlines, safari namba 1248 kutoka Baltimore, Boeing 737-700 yenye watu 103, ilikuwa imechelewa kuondoka, na ilipofika ikazunguka angani kusubiri magari yaikwangue njia. Upepo ulikuwa unaifuata ndege kutoka nyuma kwa kasi ya takriban noti 8. Kutua kwa kuelekea upande wa pili kungewapa upepo wa mbele, lakini kulihitaji kuona mbali kuliko theluji ilivyoruhusu usiku ule.

Taarifa za breki zilizowafikia zilichanganyika. Zilisema breki ni za wastani, zilisema ni mbaya, hasa kuelekea mwisho wa njia. Marubani waliingiza maneno hayo kwenye kompyuta yao ya hesabu. Kwa breki za wastani kompyuta iliwaambia watasimama wakiwa na kama mita 170 za ziada. Kwa breki mbaya ziada ilikuwa kama mita 12. Tazama jinsi tofauti ya neno moja ilivyogeuka kuwa tofauti ya uhai, kwani mita 12 hazifikii hata nusu ya urefu wa ndege yenyewe. Tena ndani ya hesabu hizo kulikuwa na mambo ambayo kompyuta haikuyaweka wazi. Kwa breki mbaya shirika lilikuwa na ukomo wa noti 5 za upepo wa nyuma, na kompyuta ikapiga hesabu kwa noti 5 ilhali upepo ulikuwa noti 8. Zaidi ya hayo, hesabu ilichukulia kwamba riversi itafunguliwa mara tu ndege itakapogusa.

Saa moja na robo usiku walitua, mahali panapofaa na kwa kasi inayofaa. Riversi haikufunguka. Nahodha alijaribu kuvuta kishikio chake akaona kimegoma, kisha mawazo yake yakaenda kwenye breki za kujiendesha, mfumo ambao wote wawili walikuwa wanautumia kwa mara ya kwanza safarini. Rubani msaidizi alipogundua na kuifungua riversi yeye mwenyewe, zilikuwa zimepita kama sekunde 15 tangu kugusa. Ndege ilipita mwisho wa njia ikiwa bado na kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa, ikavunja uzio wa kukinga upepo wa injini, ikavunja na ua wa uwanja, ikaingia katika barabara ya mji iliyokuwa na magari. Ndani ya gari mojawapo alikuwamo mtoto wa kiume wa miaka 6 pamoja na familia yake. Alikufa. Hakuna aliyekufa ndani ya ndege.

Kila ninapofika mahali hapa katika ripoti, husimama. Mtoto yule hakuwa na tiketi. Hakuchagua shirika, hakusikia tangazo la nahodha, hakujua kwamba kuna watu walio juu ya mawingu wanajadili kati ya wastani na mbaya. Mazungumzo yetu ya usalama wa ndege huwahusu walioketi ndani, lakini njia fupi katikati ya mji huwaweka majirani wake ndani ya hesabu ileile ya mita.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa ripoti yake Oktoba 2007. Ilisema chanzo ni marubani kutotumia riversi kwa wakati, na kwamba kama ingefunguliwa mara moja na kushikiliwa hadi mwisho, ndege ingesimama ndani ya njia. Haikuishia hapo, na naona ilitenda haki. Ilitaja maelekezo ya shirika yasiyo wazi kuhusu hesabu za kutua, kompyuta iliyoficha misingi ya hesabu zake, mfumo mpya wa breki uliotolewa bila kipindi cha kuuzoea, na kukosekana kwa ziada ya lazima ya umbali. Pia ilitaja kwamba mwisho wa njia haukuwa na kitanda cha kunasia ndege. Hiki ni eneo la matofali ya zege jepesi lenye vitundu, linalovunjika chini ya magurudumu na kuinywa kasi. Midway ilikuja kuwekewa. Thamani yake ilionekana wazi Oktoba 2016 katika uwanja wa LaGuardia, New York, pale ndege iliyombeba Mike Pence, wakati huo mgombea wa umakamu wa rais, ilipopitiliza njia yenye maji ya mvua ikanaswa kwenye kitanda hicho kabla ya kufika barabarani. Kama ningepewa nafasi ya kushauri kitu kimoja tu kwa uwanja wowote uliobanwa na mji, ningeshauri hicho.

Hatua ya kwanza baada ya Midway ilikuja Agosti 2006. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliyahimiza mashirika yapige hesabu upya muda wa kutua unapokaribia, kwa hali ya njia iliyopo saa hiyo, na kuongeza angalau asilimia 15 juu ya jibu. Kazi kubwa ilikuwa ile ya kuondoa maneno. Kamati ya wataalamu wa mashirika, viwanja na watengenezaji wa ndege iliandaa jedwali linaloanzia kinachoonekana kwa macho: je, njiani kuna nini, kina chake ni milimita ngapi, na kuna joto kiasi gani. Kutokana na majibu hayo hutoka tarakimu moja kati ya 6 na 0. Lami kavu ni 6. Lami iliyolowa, au yenye theluji isiyozidi milimita 3, ni 5. Theluji iliyoshindiliwa kwenye baridi kali ni 4. Theluji inayozidi milimita 3 ni 3. Rojo linalozidi milimita 3 ni 2. Barafu ni 1. Barafu yenye maji juu ni 0, na hapo hatui mtu. Njia hugawanywa vipande vitatu, kila kipande kikapewa tarakimu yake, kwa hiyo rubani husomewa tarakimu tatu: 5, 5, 3. Ile habari ya Midway kwamba mwisho wa njia ni mbaya kuliko mwanzo sasa ina mahali pake maalumu pa kukaa. Marekani ilianza kulitumia jedwali Oktoba 2016, na ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ikalifanya kuwa la dunia nzima tarehe 4 Novemba 2021. Kutoka usiku ule wa Chicago hadi siku hiyo ni karibu miaka 16. Ni mingi mno.

Jedwali haliondoi kila hatari, na ajali iliyotokea kabla halijaanza kutumika inaonyesha kwa nini. Machi 2015, tena LaGuardia, ndege ya Delta aina ya MD-88 ilitua kwenye theluji baada ya marubani waliotangulia kuripoti kwamba breki ni nzuri. Injini za MD-88 ziko mkiani, na riversi ikifunguliwa kupita kiasi, hewa yake huufunika usukani wa mkia ukakosa upepo wa kuufanyia kazi. Ndivyo ilivyokuwa. Ndege ilikwenda kushoto, ikapanda tuta, pua yake ikasimama juu ya maji ya ghuba. Watu wote 132 walitoka wakiwa hai. Riversi ileile iliyochelewa Midway ilizidishwa LaGuardia, na kila aina ya ndege ina kiwango chake ambacho rubani lazima akijue kwa moyo.

Kwa upande mwingine, wanaoishi na theluji wamethibitisha kwamba inatawalika. Oslo na Helsinki huendesha kazi hii kwa misafara. Magari makubwa hupangwa kwa mshazari, kila moja nyuma ya bega la mwenzake, mbele likiwa na jembe, katikati brashi ya chuma, nyuma kipulizo, na msafara mmoja husafisha upana wa njia kwa muda mfupi wakati ndege zikisubiri angani. Chumvi ya barabarani hairuhusiwi kwa sababu hula aluminiamu ya ndege, hivyo humwagwa kemikali nyingine zisizoila metali kwa kiasi hicho. Kwenye barafu ngumu, Wanorwe humwaga mchanga uliochanganywa na maji ya moto. Maji huyeyusha barafu kidogo kisha huganda tena, punje zikabaki zimeshikiliwa, na uso wa njia unakuwa na makali ya msasa. Mchanga mkavu hupeperushwa na ndege ya kwanza tu. Tarehe 15 Novemba 2023 Boeing 787 ya shirika la Norse ilitua Troll, Antaktika, kwenye njia ya barafu tupu yenye urefu wa mita 3,000 na upana wa mita 60. Ilifaulu kwa sababu njia ilikuwa ndefu, imechongwa ishike matairi, imepimwa, na safari yote ilipangwa kwa kujua inatua juu ya nini.

Watu wa magari yale ya theluji hawatajwi mara nyingi, na nadhani wanastahili. Msimamizi wao huingia njiani usiku na gari dogo, hushuka, hupima kina kwa rula, hutazama rangi na unyevu, kisha ndiye anayetamka tarakimu tatu. Mamia ya watu wanaosubiri juu wanategemea unyofu wake, wakati huohuo kila dakika njia ikifungwa inaligharimu shirika pesa na simu zinalia. Kanuni humruhusu kushusha tarakimu akiona njia inateleza kuliko jedwali linavyosema. Kupandisha kumewekewa masharti makali. Nchini Marekani, rubani mmoja akiripoti kwamba breki hazipo kabisa, njia hufungwa papo hapo hadi itengenezwe. Utaratibu huu unamkinga msimamizi dhidi ya shinikizo, naye asipokingwa, jedwali halina maana.

Jedwali hilo si la nchi za theluji peke yake. Limeandikwa pia kwa ajili ya maji. Maji yaliyotuama kwa kina kinachozidi milimita 3 hupewa 2, sawasawa na rojo la Munich, na kina hicho kinaweza kupatikana Dar es Salaam, Mombasa au Entebbe kwa mvua moja nzito ya masika mifereji ikiwa imeziba. Nchi zetu ni wanachama wa ICAO na utaratibu huu unazihusu. Mtu wa kupima akikosekana mvua inaponyesha, rubani anarudishiwa maneno yaleyale ya wastani na mbaya.

Na wako marubani wa kwetu wanaokutana na theluji yenyewe. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways inaruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, mwendo wa takriban saa 15. Januari, tarakimu za njia anazopewa nahodha Nairobi usiku wa kuondoka zitakuwa zimepitwa mara kadhaa kabla hajaiona pwani ya Marekani. Huziomba upya akiwa juu ya Atlantiki, huziomba tena kabla ya kuanza kushuka, hupiga hesabu kwa kipande kibaya kuliko vyote na kuongeza asilimia zake. Katika matangi ana mafuta ya kwenda uwanja mwingine. Jibu likikosa kutosha, huwatangazia abiria kwamba hawatatua New York asubuhi hiyo, na wale wenye ndege za kuunganisha watalalamika hadi watakapofika walikopelekwa.